Gari Kuukuu Darasani: Kufundisha Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Katika makala hii tunataka kuzungumzia njia ya kufundisha ufundi na sayansi kwa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, tukitumia jambo ambalo kila mtoto amekwisha kuliona, yaani gari lililochakaa ambalo mwenyewe halitupi, bali hulifufua nyumbani kwake kwa mikono yake. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba watoto hulipenda. Ya pili, ambayo ndiyo nzito, ni kwamba mtu atengenezaye gari kuukuu hana budi kufikiri kwa utaratibu. Asipofanya hivyo atamaliza fedha zake kwa kununua vipuri ambavyo gari halikuvihitaji.

Wanachuo wengi wapewapo mada ya injini wakati wa mazoezi ya kufundisha huchora ubaoni mchoro mkubwa, wakaandika majina ishirini ya sehemu zake, wakawataka watoto wayanakili. Mchoro huwa mzuri na mwandiko huwa safi. Mwisho wa kipindi mtoto ajua kuandika neno "kabureta", lakini pikipiki ya kaka yake ikitoa moshi mweusi kesho yake hana la kusema. Mwalimu wa namna hiyo amefundisha tahajia, na tahajia tayari ina kipindi chake katika ratiba.

Njia tunayoieleza hapa tuliijaribu pamoja na wanachuo wetu katika shule moja ya Pito, karibu na mji wa Sumbawanga, kwa darasa la sita. Hatukuwa na gari. Tulikuwa na kandili mbili, plagi kuukuu nne, mirija ya kalamu za wino zilizokwisha, na magari ya waya ambayo watoto walijitengenezea wenyewe. Vifaa hivyo vilitosha.

Kisa cha kuanzia

Somo lolote la namna hii lahitaji kisa cha kweli kiwavutacho watoto. Sisi tulitumia kisa cha Joginder Singh wa Kenya. Mtu huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia katika kazi ya ufundi wa magari, na alipata kuajiriwa kazi ya doria barabarani, kuwasaidia wenye magari waliokwama. Mwaka 1959 alianza kushiriki mashindano ya magari ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na katika miaka ile ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za vumbi na tope, mwendo wa kilomita 5,000 hivi kwa siku chache za Pasaka. Ili watoto waelewe ugumu wake, waambie kwamba mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na ni 7 tu yaliyofika mwisho.

Mwaka 1965 Joginder, akiwa na ndugu yake Jaswant, aliyashinda mashindano hayo kwa gari aina ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka 1964, likapigika, ndipo wao wakalichukua na kuliandaa upya. Aina hiyo ya gari ilianza kuuzwa mwaka 1958 na ikaachwa kutengenezwa mwaka uleule wa 1965. Ukilitazama ni gari la familia, milango miwili, mgongo wa mviringo, halina sura ya ukali wowote. Lakini injini yake ya lita 1.8 ilikuwa imara, na yale ya kimichezo yalifungwa kabureta mbili badala ya moja. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer, na katika Safari 22 alizoshiriki alifika mwisho mara 19. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Alifariki London mwaka 2013.

Mtoto wa Pito aweza kuuliza kama Tanzania haikuwa na mtu wa namna hiyo. Mwambie kwamba Safari za mwaka 1966 na 1967 zilishindwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, kwa gari la Peugeot 404. Peugeot za aina hiyo babu zao walizipanda kama teksi.

Ukikisimulia kisa hiki jihadhari usikifanye hadithi ya mwendo kasi. Watoto watataka kujua gari lilikimbia kiasi gani. Wajibu kwa kuwarejeza kwenye namba zile za mwaka 1963, uwaulize, "Magari 77 yaliyoachwa njiani, mnadhani yaliachwa kwa sababu hayakuwa na mbio?" Darasa letu lilikaa kimya kidogo, kisha mvulana mmoja akasema, "Hapana mwalimu, yaliharibika." Msichana aliyekuwa nyuma yake akaongeza, "Na wenyewe hawakujua limeharibika wapi." Jibu hilo la pili ndilo tulilokuwa tukilitafuta, na somo likaanzia hapo.

Hewa ya Ufipa

Tukawauliza watoto swali hili: gari lililorekebishwa Dar es Salaam likapandishwa Sumbawanga, litafanya kazi vilevile? Wengi walisema ndiyo. Mmoja alisema litachoka kwa safari. Hakuna aliyetaja hewa, wala sisi hatukuitaja.

Mwalimu lazima ajue vizuri jambo lenyewe kabla hajaingia darasani, kwa hiyo tulieleze hapa. Petroli haiungui peke yake. Huungua ikichanganyika na hewa. Kilo 1 ya petroli yahitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue yote. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa lita, lita 1 ya petroli pwani huhitaji takribani lita 9,000 za hewa. Sumbawanga iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,800 hivi, na huku kanieneo ya hewa ni kama sehemu nne kwa tano za ile ya pwani. Hewa ni nyepesi. Kwa hiyo lita ileile 1 ya petroli huku kwetu huhitaji lita 11,000 hivi za hewa. Mpe mtoto azigawe kwa debe la lita 20: pwani madebe 450, Sumbawanga madebe 550. Hesabu hiyo ya madebe iliwashangaza watoto kuliko maelezo yote tuliyoyatoa, maana walikuwa hawajapata kudhani kwamba hewa yaweza kupimwa kwa debe.

Sasa kabureta ya kawaida haijui kwamba imepandishwa mlimani. Huendelea kutoa petroli kama ilivyozoea, na hewa imepungua uzito. Petroli inazidi. Isiyopata hewa ya kuiunguza hugeuka masizi, moshi huwa mweusi, plagi hufunikwa weusi mkavu, nguvu hupungua na matumizi ya petroli huongezeka. Gari hilohilo likiteremka bonde la Ziwa Rukwa au Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, ambako ni kama mita 1,000 chini yetu, hupona kwa kiasi bila kuguswa na fundi. Nairobi nayo iko juu karibu sawa na Sumbawanga, na madereva wa Safari waliokuwa wakitoka huko kuteremka hadi pwani walikutana na jambo hilo ndani ya mashindano mamoja.

Lakini tusianzie kwenye kabureta. Kanuni yetu ya zamani ya kwenda kutoka kijulikanacho hadi kisichojulikana yatutaka tutafute hewa na moto mahali mtoto alipo. Katika Ufipa hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, lenye kimo cha mita 3 hivi, na mabaki ya malungu hayo yangali yanaonekana katika uwanda huu. Ilungu halikuvukutwa. Lilikuwa na matundu chini, na urefu wake wenyewe ulifanya hewa moto ipande juu na hewa baridi ivutwe ndani kwa chini. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kikasafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hili ndilo lililopulizwa kwa mivukuto. Kisha kikaenda kwa mhunzi kikawa jembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20. Mtoto aliyesikia habari hizo kwa babu yake tayari anajua jambo muhimu kuliko yote katika somo letu: aliyetaka kuutawala moto aliitawala hewa. Tuliwaomba watoto waulize nyumbani habari za ilungu siku mbili kabla ya somo. Walioleta majibu walikuwa zaidi ya nusu ya darasa, na mmoja alileta kipande cha taka ya chuma, kizito, cheusi, alichokiokota shambani. Tulikiweka mezani kwa kipindi chote.

Kandili mbili

Hili ndilo jaribio tunaloliona kuwa moyo wa somo, kwa hiyo tulieleze polepole.

Washa kandili mbili zilizo sawa, vioo vyake vimesafishwa, moto wake umetulia. Siku hizi kandili zimeanza kuwa adimu kwa sababu ya taa za jua. Ziombe mapema kwa wazee wa kijiji. Kabla watoto hawajaingia, funika sehemu ya chini ya kila kandili kwa karatasi gumu, wasione mkono wako ukifanya nini. Kandili ya kwanza pandisha utambi. Kandili ya pili usiuguse utambi. Ziba matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo kwa udongo mbichi, ukiacha machache. Baada ya dakika chache vioo vyote viwili vitakuwa vyeusi.

Waite watoto. Waulize wanaona nini. Watasema kandili zote zinatoa moshi. Waulize sababu. Hapa karibu darasa zima litapaza sauti, "Utambi umepanda!" kwa kuwa ndivyo wanavyojua nyumbani. Usikubali wala usikatae. Mwite mtoto mmoja ateremshe utambi wa kandili ya kwanza. Moto utatulia na weusi hautaongezeka. Mwite mwingine ateremshe utambi wa kandili ya pili. Moto utafifia, nao utaendelea kuwa mbaya. Akizidi kuuteremsha, taa itazimika.

Sasa nyamaza. Jambo hili la kunyamaza ni gumu kwa mwalimu kijana, hasa mkaguzi akiwa amekaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi. Mwanachuo wetu aliyefundisha siku hiyo alihesabu moyoni hadi sitini kabla ya mtoto wa kwanza kunyosha kidole. Mtoto huyo alisema mafuta yamekwisha; wakaangalia, yamo. Wa pili alisema utambi ni mbovu. Wakabadilisha, hali ikawa ileile. Wa tatu, msichana mdogo kuliko wengi, aliinama akachungulia chini ya karatasi, akasema, "Imezibwa pua." Tangu hapo hatukuhitaji tena kueleza maana ya hewa kukosekana.

Baada ya hapo andika ubaoni sentensi moja tu: dalili moja yaweza kuwa na vyanzo viwili. Mafuta yaweza kuwa yamezidi, au hewa yaweza kuwa imepungua. Kioo hakikwambii ni kipi. Lazima ujaribu, na ujaribu jambo moja kwa mara moja, kwa sababu ukiteremsha utambi na kuzibua matundu kwa wakati mmoja taa itapona lakini hutajua ilikuwa ikiumwa nini.

Kipindi chenye dakika arobaini kitaishia hapo. Usijaribu kubana kabureta ndani yake.

Plagi za fundi

Katika kipindi cha pili tulimwalika fundi wa pikipiki wa Pito. Twapendekeza kwa nguvu kila mwanachuo afanye hivyo. Fundi wa kijiji huona haya kuingia shuleni akidhani elimu yake si elimu, na watoto nao humdhania hivyo. Mwalimu amwendee siku moja kabla, amsalimu kwa heshima, akubaliane naye maswali, na amweleze kwamba hatatakiwa kutoa hotuba. Siku ya somo watoto wote walisimama wakamwamkia "Shikamoo, fundi," naye kwa haya akaitikia "Marahaba" huku akifuta mikono yake iliyokuwa safi kabisa.

Fundi alileta plagi nne, tukaziweka juu ya karatasi jeupe. Moja ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ya pili nyeusi kwa masizi makavu, ya tatu nyeusi na yenye unyevu wa oili, na ya nne nyeupe, ncha yake imeliwa. Watoto wakazipitisha mkono kwa mkono. Ile ya kahawia ni ya injini yenye afya. Ile ya masizi makavu wakaitambua wenyewe kuwa ni ndugu wa kioo cha kandili. Ile ya oili yaonyesha kwamba oili inapenya kuingia mahali pa moto, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimechakaa. Nyeupe ni ya injini yenye joto la kupita kiasi, na huenda hewa imezidi au petroli imepungua.

Hapo mwanachuo akauliza swali alilolitayarisha: "Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, tununue mpya?" Watoto wengi wakajibu ndiyo. Fundi akacheka, akasema wateja wake nao hujibu hivyohivyo. Hununua plagi mpya, pikipiki yanguruma vizuri siku tatu, kisha plagi mpya nayo huwa nyeusi, naye hurudi akilalamika kwamba ameuziwa bandia. Tukawaachia watoto wapange wenyewe utaratibu wa kutafuta, kwa sharti moja kwamba waanze na lisilogharimu kitu. Baada ya mabishano marefu walifikia utaratibu huu. Kwanza chujio la hewa, kwa sababu kulitazama ni bure, na huku kwetu vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, huliziba upesi. Pili choki, isije ikawa imekwama ikiwa imefungwa. Tatu marekebisho ya kabureta. Plagi yenyewe ikawekwa mwisho, isafishwe ikiwa bado nzima. Fundi akasema utaratibu huo ni wake hasa, ila yeye aliupata kwa miaka mingi.

Kuhusu kabureta tulionyesha jambo moja tu kwa mirija ya kalamu. Mrija mmoja husimamishwa ndani ya bilauri ya maji, wa pili huwekwa mdomo wake ukielekea juu ya kichwa cha wa kwanza, kisha mtoto hupuliza kwa nguvu. Maji hupanda na kurushwa kama ukungu. Hewa ipitayo kwa kasi hupunguza kanieneo mahali pale, na maji husukumwa juu. Kabureta ni hilo hilo, maji yakiwa petroli. Fundi akafungua kabureta kuukuu akawaonyesha sindano yenye mitaro, na kibanio chake: kibanio kikipandishwa mtaro mmoja, sindano hushuka, petroli hupungua. Zile kabureta mbili za Volvo ya Joginder zilikuwa na sindano vilevile, ila marekebisho yake yalifanywa kwa nati iliyo chini.

Mtu aweza kutuuliza, je, magari ya leo si ya kompyuta, yanayojipimia hewa yenyewe? Ni kweli. Lakini bodaboda nyingi zipitazo mbele ya shule zetu zingali na kabureta, na hata fundi wa gari la kompyuta husoma dalili na kubagua vyanzo. Tena kabureta hufunguliwa ikaonekana. Kisanduku cha umeme kikifunguliwa hakimwonyeshi mtoto kitu.

Kubadilisha ni jambo jingine

Mpaka hapa tumezungumzia kutengeneza, yaani kurudisha kitu katika hali yake. Kubadilisha ni kukifanya kiwe ambavyo hakikuwa, na hapo ndipo vijana wetu wanapotia watu hatarini. Gari la Safari lilifungwa bamba la chuma chini ya injini ili mawe yasiipasue. Bamba lina uzito. Pua ya gari hulala. Springi za mbele lazima ziongezwe nguvu. Springi zikiwa ngumu, shokapu za kawaida hazidumu. Taa zikiongezwa, umeme lazima utoshe. Injini ikiongezwa nguvu, breki zifikiriwe siku hiyohiyo. Kila badiliko hudai jingine, na fundi mzuri huyaona madai hayo kabla hajashika spana.

Kulifundisha jambo hili tulitumia magari ya waya. Hakuna mtoto wa kijijini asiyejua kuyatengeneza, na hiyo ndiyo karakana ya nyumbani ya kwanza katika maisha ya watoto wetu, ingawa shule haijapata kuihesabu. Kila kundi la watoto watano lilileta gari moja. Tukaweka ubao wenye mteremko, gari likaachiwa kutoka alama ileile, umbali liliokwenda ukapimwa kwa rula mara tatu na wastani ukatafutwa. Kisha kila kundi likaruhusiwa kubadilisha jambo moja tu. Waliobandika kipande cha mpira wa kandambili kwenye magurudumu waliona gari likikata kona vizuri zaidi ila likienda karibu. Walioinua bodi ili lipite juu ya mawe waliona likipinduka kwenye kona. Kundi moja liliongeza tope zito kwenye sehemu ya mizigo na kufurahi kwa jinsi lilivyokwenda mbali, mpaka mwanachuo alipoweka tofali mwishoni mwa njia. Gari lililoingia kwenye tofali na mzigo liligeuka waya mtupu.

Hapo tukaitaja kanuni. Uzito ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara mbili. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Watoto wakatakiwa waitumie kwa bodaboda iliyorefushwa kiti cha nyuma ili ibebe magunia mawili ya mahindi kutoka shambani. Breki zake ni zilezile za kiwandani. Walitulia zaidi ya tulivyotazamia. Kila mmoja alikuwa anamjua mtu mwenye pikipiki ya namna hiyo, na wengine wao hurudi nyumbani juu yake.

Vilevile watoto wanajua vijana wanaoondoa chujio la hewa ili pikipiki inguruме kwa sauti kubwa. Tuliwauliza chujio lilikuwa likizuia nini. "Vumbi," wakasema. Na sasa vumbi laenda wapi? Mtoto akaichukua ile plagi ya tatu, yenye oili, akaiinua juu bila kusema neno. Vumbi la Ufipa likiingia ndani ya silinda huisaga ringi kama msasa.

Juu ya msichana na spana

Katika makundi yote wavulana walishika koleo na wasichana wakapewa daftari waandike vipimo. Hatukulipanga hivyo, lilitokea lenyewe, na likiachwa litatokea kila mara. Katika kipindi kilichofuata mwanachuo aliamuru kazi zibadilishwe kila baada ya dakika kumi, wala hakutoa maelezo yoyote. Twaona ni heri kuamuru kuliko kuhutubia. Kumbuka kwamba aliyeigundua pua ya kandili iliyozibwa alikuwa msichana.

Tahadhari

Petroli isiingie darasani hata kidogo, hata kwenye kizibo cha chupa. Kabureta ya maonyesho ikaushwe nje siku moja kabla. Kandili ziwekwe juu ya sinia yenye mchanga, mbali na mapazia na nywele. Maji ya betri ni asidi, betri isifunguliwe. Na kama kijijini kuna gari kuukuu ambalo mwenyewe yuko tayari kulionyesha, watoto walitazame likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne. Asiingie mtoto wala mwalimu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake au kwa mawe. Mawe hupasuka na jeki huteleza. Hili usilifundishe kwa jaribio. Litamke, walirudie, kisha liandikwe.

Kupima

Tusiwape watoto mtihani wa kutaja sehemu za injini. Sisi tuliwapa swali moja la kuandika, nalo lilikuwa hili: "Mjomba wako amenunua gari la zamani la mashindano pwani, akalileta Sumbawanga. Pwani lilikwenda vizuri. Huku linatoa moshi mweusi na halina nguvu. Mjomba anataka kwenda mjini kununua plagi mpya nne. Mwandikie barua fupi, umweleze atazame nini kwanza, nini baadaye, na kwa nini."

Katika kusahihisha, alama ya juu isiende kwa aliyetaja urefu wa mita 1,800 tu, ingawa jibu hilo lina ukweli. Iende kwa aliyemwambia mjomba alitazame chujio kabla ya kuigusa kabureta, na abadilishe jambo moja kwa mara moja. Mtoto aliyeandika "mjomba, usinunue kitu kwanza" bila kueleza sababu apewe nusu. Na barua za watoto zihifadhiwe. Fundi wetu aliziomba azisome, na daftari mbili bado ziko kibandani kwake.